Spidomita ya pikipiki ya porini ilivunjika, nimefunga ya dijitali, sasa inasoma 199 nikiwa nimesimama

Vumbi Jekundu

Wakuu, heshima kwenu.

Nina pikipiki ya porini, silinda moja, stroku nne, cc 250, gurudumu la mbele inchi 21. Wiki tatu zilizopita nilianguka kwenye mteremko wa mawe. Mimi mzima, ila kichwa cha spidomita ndicho kilichopokea jiwe: kioo kimesagika, mshale umeng'oka, na dakika kumi baadaye nikavuka kijito nacho hivyo hivyo, maji yakaingia. Namba za kilomita zimegandia 31,406.

Nikasema sihangaiki tena na mambo ya waya unaozunguka. Nimechukua ya dijitali, zile za kufunga kwenye pikipiki yoyote. Ina sensa ya sumaku ya gurudumuni, na waya mmoja mwembamba wa kuviringisha kwenye waya wa plagi ili isome mizunguko ya injini. Nimefunga mwenyewe, Jumapili nzima imeishia hapo.

Sasa inanichanganya. Nikiwasha injini pikipiki ikiwa imesimama, spidi inacheza: 0, 87, 199, 0, 199. Nikianza kutembea inatulia, lakini inasoma pungufu; simu ikisema 60 yenyewe inasema 52. Na injini ikinguruma taratibu, mkono sijagusa mafuta, inaniambia mizunguko 2,800. Kwa sauti ninayoisikia, hapana, haiwezekani.

Nimeuziwa kimeo au nimekosea kufunga?

Kona Kali

199 umesimama! Mkuu hiyo pikipiki usiiuze kwa mtu yeyote.

Tope Tupu

Ushauri wangu ni wa bure: ing'oe yote, funga bamba la namba hapo, maisha yaendelee. Porini macho yako yako mbele mita ishirini, nani anaangalia spidi? Mimi mwaka wa nne sina spidomita na sijawahi kuikumbuka.

Binti Gia

Kaka Tope, unaongelea mshale. Mimi mshale siutaki pia. Ninachotaka ni kilomita. Tangi la pikipiki kama yangu ni lita 9, halina geji ya mafuta, na porini hakuna anayekuja na kidumu. Naweka kihesabu cha safari sifuri kila nikijaza, najua nikifika namba fulani narudi. Oili nabadilisha kwa kilomita, vali napima kwa kilomita. Wanaoendesha rali kwa karatasi ya njia ndiyo kabisa, maelezo yote ni "kilomita 14.3 pinda kushoto". Ukikosea hesabu ya umbali umepotea.

Mleta uzi, usiing'oe. Subiri wenye ujuzi.

Tope Tupu

Kwenye mafuta nimekubali dada. Mimi huwa natikisa tangi nasikiliza 😂

Spana Kumi na Nne

Vumbi, hujauziwa kimeo. Hayo ni makosa matatu tofauti yaliyokutana siku moja, na kila moja lina dawa yake. Ila kwanza niruhusu nizungumzie ile ya zamani, maana wengi watakaosoma hapa wana ya waya.

Spidomita ya waya ni vitu vitatu: gia ndogo kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu la mbele, waya unaozunguka ndani ya ala yake, na kichwa. Ndani ya kichwa waya unazungusha sumaku. Sumaku imezungukwa na kikombe chepesi cha aluminiamu ambacho hakigusani nayo kabisa. Sumaku ikizunguka inazalisha umeme mdogo ndani ya kikombe, kikombe kinataka kuifuata, springi nyembamba kama unywele inakizuia. Mshale umeshikwa na kikombe. Kadiri unavyokimbia ndivyo springi inavyozidiwa. Ubunifu huo aliusajili Mjerumani Otto Schulze mwaka 1902, na hadi leo pikipiki nyingi za porini zinautumia.

Namba za kilomita hazina uhusiano na sumaku. Zinasukumwa na gia za plastiki moja kwa moja kutoka kwenye waya. Hapo ndipo unapopata kipimo cha bure: mshale umekufa lakini kilomita zinahesabu, basi gia ya chini na waya ni vizima, tatizo liko kichwani. Vyote viwili vimekufa, usikimbilie kununua kichwa. Fungua nati ya waya pale juu, nyanyua gurudumu la mbele, mwenzako alizungushe. Waya hauzunguki? Uchomoe. Ukitoka nusu, umekatika. Ukitoka mzima, gia ya habu ndiyo imekufa. Mshale unatetemeka kama una homa? Waya umekauka au umepindwa kona kali mahali.

Haya, tuje kwako. Spidi kucheza ukiwa umesimama ni makelele ya umeme wa plagi yanayoingia kwenye nyaya za mita. Sensa yako inatoa mpigo mmoja kila sumaku ikipita. Mita haijui tofauti ya mpigo wa sumaku na mpigo wa cheche. Nijibu matatu: plagi yako imeandikwa namba gani? Waya wa sensa umeupitisha wapi? Na waya wa hasi umeufunga kwenye nini?

Vumbi Jekundu

Mkuu shukrani, sijawahi kueleweshwa hivi. Plagi ni D8EA. Waya wa sensa umepanda na shokapu, ukaingia chini ya tangi, nikaufunga pamoja na waya wa koili inayolisha plagi ili upendeze. Hasi nimeibana kwenye bolti ya fremu.

Spana Kumi na Nne

Umejijibu mwenyewe, ndugu yangu.

D8EA haina rizista, yaani kizuizi cha umeme, ndani. Tafuta DR8EA. Vipimo vingine ni vile vile, tofauti ni hiyo herufi R, na ndiyo inayopunguza makelele ya cheche. Halafu waya wa sensa uondoe kabisa karibu na koili na waya wa plagi. Kupendeza kusubiri. Bolti ya fremu ina rangi chini yake, na rangi haipitishi umeme. Kwangua hadi chuma king'ae, au bora peleka hasi moja kwa moja kwenye betri.

Kabla hujanunua chochote jaribu hivi: chomoa ule waya wa mizunguko ulioviringishwa kwenye waya wa plagi, washa injini. 199 ikipotea, makelele yalipita pale. Punguza mizunguko ya kuviringisha, kama uliweka mitano weka miwili. Isipopotea, chomoa sensa ya gurudumu uone.

Kuhusu 2,800: gawanya kwa mbili, unapata 1,400, ambayo ndiyo sauti unayoisikia. Stroku nne inahitaji cheche moja kila mizunguko miwili, lakini injini nyingi za silinda moja zinapiga cheche kila mzunguko, moja inafanya kazi na nyingine inapotea wakati wa kutoa moshi. Mita yako imewekwa kuamini cheche moja kwa mizunguko miwili. Ingia kwenye mpangilio, weka cheche moja kwa mzunguko mmoja.

Mzee wa Kilima

Nyongeza kwa vijana mliobaki na za waya. Waya ukiusafisha kwa mafuta ya taa, upake grisi nyepesi, LAKINI zile sentimita kumi na tano za juu ziache kavu. Grisi ina tabia ya kupanda taratibu na mzunguko mpaka inaingia kichwani, ikifika kwenye kikombe mshale unang'ang'ania. Nimeua vichwa viwili kwa wema wa grisi.

Na ukishaufunga, bana shokapu mpaka mwisho, kata usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Pikipiki za porini shokapu inatembea hadi sentimita 30, waya unaotosha ukiwa umesimama unaweza kuvutika au kujikunja ukiruka. Ukiona kona kali popote, hapo ndipo utakapokatikia.

Kona Kali

Kuhusu kusoma pungufu nalijua hili. Kichwa cha pikipiki ya tairi 17 ukikifunga kwenye ya 21 lazima kidanganye. Mimi yangu ilikuwa hivyo.

Spana Kumi na Nne

Kona, kwa Vumbi hilo halihusiki, yake haina waya. Na hata kwa za waya, kichwa hakijui ukubwa wa tairi. Kichwa kinajua waya umezunguka mara ngapi tu. Anayejua tairi ni gia ya kwenye habu.

Kona Kali

Mkuu na mimi nakwambia niliona kwa macho yangu. Simu 60, mita 50.

Spana Kumi na Nne

Ulibadilisha kichwa peke yake, au na habu?

Kona Kali

...Gurudumu lote la mbele lilitoka kwenye pikipiki nyingine. Rimu ya 21 iliunganishwa kwenye habu ya ile ya 17. Gia ikaja na habu.

Spana Kumi na Nne

Ndiyo hapo. Tufanye hesabu. Chukua kichwa kinachotaka waya uzunguke mara 1,400 kwa kilomita. Tairi ya 21 mzingo wake ni kama mita 2.18, kwa hiyo linazunguka mara 459 kwa kilomita. Gia yake lazima izungushe waya mara 3.05 kwa kila mzunguko wa gurudumu. Tairi ya 17 ya mzingo wa mita 1.80 inazunguka mara 556, gia yake ni 2.52. Wewe una gurudumu kubwa na gia ya gurudumu dogo. 2.52 gawanya kwa 3.05 ni 0.83. Ukikimbia 60 utaona 50. Macho yako hayakudanganya, ulimkamata mtu asiye na hatia tu.

Asiyeamini, weka alama ya rangi kwenye ncha ya waya, zungusha gurudumu mara kumi, hesabu. Ikikaribia 30 una gia ya 21, ikikaribia 25 una ya 17.

Kona Kali

Nimehesabu sasa hivi. Ishirini na tano. Naomba radhi kwa kile kichwa nilichokitupa.

Binti Gia

😂😂 Marehemu alikuwa mkweli.

Vumbi, kwa 52 dhidi ya 60 yako, angalia kwenye mpangilio mzingo wa tairi umeandikwa ngapi. Hizi mita hutoka na namba ya kubuni, wewe ndiye wa kuiambia ukweli.

Vumbi Jekundu

Imeandikwa 1870, ni milimita.

Binti Gia

Basi namba mpya ni ya zamani mara spidi ya kweli gawanya kwa spidi inayoonyeshwa. 1870 × 60 ÷ 52 = 2158. Hakikisha kwa kupima chini: weka upepo unaotumia porini, paka alama ya chokaa pale tairi inapogusa ardhi, KAA JUU ya pikipiki, mtu akusukume mizunguko mitatu iliyonyooka, pima umbali, gawanya kwa tatu. Usipokaa juu utapata namba kubwa kuliko ukweli kwa sababu tairi halijabanwa. Ukikokotoa kwa maandishi ya ubavuni, mfano 80/100-21, unapata 2178, na hiyo ni ya tairi lililo hewani.

Na spidi ya simu isome kwenye njia iliyonyooka, ukiwa umeshikilia mwendo mmoja kama dakika. Ukiwa unaongeza mwendo simu inachelewa.

Mzee wa Kilima

Ukishapata hiyo namba, iongeze kidogo. Mita haipaswi kamwe kuonyesha chini ya mwendo halisi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, ile ya spidomita, ndivyo inavyotaka: kuzidisha kunaruhusiwa kwa kiasi, kupunguza hapana. Ndiyo maana za kiwandani karibu zote zinakusifia. Weka 2200.

Binti Gia

Shikamoo mzee. Hapo naomba nitofautiane nawe kidogo. Kwenye ya waya, fundi wa kiwandani anaweza kuufanya mshale uzidishe huku kilomita zikiwa sahihi, kwa kuwa springi na gia za namba ni vitu viwili. Kwenye hizi ndogo za dijitali namba ya mzingo ni moja, inaamua spidi na umbali kwa pamoja. Akiweka 2200, kila kilomita 100 mita itaandika karibu 102. Kwa anayefuata karatasi ya njia hizo kilomita mbili ni makutano tofauti kabisa.

Mzee wa Kilima

Marahaba mwanangu. Basi barabarani 2200, porini namba yake halisi. Mimi karatasi za njia siziwezi, nafuata vumbi la aliyetangulia.

Binti Gia

Hilo nalo lina ukweli, akipita sana barabarani heri izidishe. Aamue mwenyewe. Na ajue namba hii haidumu: meno ya tairi yakiisha kutoka milimita 12 hadi 5, kipenyo kimepungua milimita 14, hiyo ni asilimia 2 imeondoka bila mtu kugusa mita.

Tope Tupu

Nimekuja kucheka, sasa nimechukua kalamu.

Kiwiko

Samahani kuingilia. Yangu ni ya mashindano, haina betri kabisa, taa inawaka injini ikinguruma tu. Hii ya dijitali itafanya kazi?

Spana Kumi na Nne

Kiwiko, pima kwanza umeme wa taa kwa multimita. Ukiwa wa kupanda na kushuka, yaani AC, usiuingize kwenye mita moja kwa moja. Utahitaji rektifaya yenye regyuleta, ya kuugeuza uwe DC na kuudhibiti, na kapasita ya kuutuliza. Au chagua aina yenye betri yake ndogo ndani, kuna zinazotumia ile ya duara CR2032. Inasoma vizuri, mwanga wa usiku tu ndio unakosa.

Vumbi Jekundu

Wakuu narudi na majibu.

Plagi ya R imeingia, waya wa sensa nimeuhamisha upande wa pili, hasi iko kwenye betri. 199 imekufa, imesimama 0 kama mtu mwenye adabu. Mizunguko sasa ni 1,400. Mzingo: mizunguko mitatu nimepata mita 6.46, yaani 2153, dhidi ya 2158 ya hesabu ya Binti Gia. Nimeweka 2155. Kwenye simu 60, kwenye mita 60.

Kimoja kimenisumbua njiani. Sumaku niliibandika kwa gundi kwenye diski ya breki. Kilomita ya nane spidi ikawa 0. Sumaku imeruka, sijui iko wapi hadi sasa.

Spana Kumi na Nne

Diski inapata moto, gundi inalainika. Kuna bolti za diski zilizochimbwa kichwani sumaku ikakaa ndani; tafuta yenye uzi na urefu sawa na zako, weka gundi ya kuzuia bolti isilegee na kaza kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki, maana hiyo ni bolti ya breki. Kati ya sumaku na sensa acha milimita 1 hadi 3, kisha zungusha gurudumu taratibu uhakikishe hakuna kinachogusa.

Swali langu ambalo sikukuuliza mwanzo. Namba za zamani zilisimama 31,406 siku ya kuanguka, au zilikuwa zimesimama kabla?

Vumbi Jekundu

Siku ya kuanguka, nadhani. Ngoja niangalie daftari langu la oili.

Vumbi Jekundu

Wakuu.

Daftari linasema nilibadilisha oili ikiwa 31,406. Hiyo ni miezi miwili kabla ya kuanguka.

Kona Kali

😂😂😂😂

Tope Tupu

Miezi miwili unaendesha na spidomita iliyokufa hujui! Karibu chamani ndugu yangu. Niliwaambia hakuna anayeiangalia.

Spana Kumi na Nne

Na kati ya hiyo oili na kuanguka uligusa gurudumu la mbele?

Vumbi Jekundu

Siku ile ile ya oili nilitoa gurudumu kuziba pancha.

Spana Kumi na Nne

Toa gurudumu uangalie gia ya habu. Ina masikio mawili ambayo lazima yaingie kwenye mifereji ya habu kabla hujakaza ekseli. Yasipoingia, ekseli inayaponda. Hutasikia kitu, ni laini.

Vumbi Jekundu

Nimetoa. Sikio moja halipo, la pili limelala chali. Vipande vimo ndani ya grisi. Yaani ningenunua kichwa kingine cha waya kama kile cha mwanzo, ningekifunga na kingekaa sifuri. Sasa kwa kuwa siihitaji tena, nalitoa dude lote nitupe?

Mzee wa Kilima

HAPANA, usitupe! Lile ganda la gia ndilo linalojaza nafasi kati ya gurudumu na mguu wa shokapu. Ukilitoa bila kuweka kitu, gurudumu litahamia upande, diski haitakaa sawa kwenye breki. Safisha vipande vyote, angalia oili sili na beringi kama havijakwaruzwa, paka grisi mpya, rudisha ganda tupu. Au chongesha bushi yenye upana ule ule kabisa. Ule mdomo wa waya uzibe, tope lisiingie. Na lile jino la ganda lipumzike kwenye kizuizi cha mguu wa shokapu kama lilivyokuwa.

Vumbi Jekundu

Asante mzee, nilikuwa nimeshaliweka karibu na taka. Nimelirudisha, gurudumu linazunguka safi. Waya wa zamani nao nimeuchomoa: mzima kabisa, hauna hata kutu. Kona Kali kama wako una shida sema nikupe.

Kona Kali

Waya ninao. Gia ya 21 ndiyo sina.

Vumbi Jekundu

Ya kwangu haina masikio mkuu.

Binti Gia

Kabla hujasahau, Vumbi: mita mpya imeanza na sifuri. Kwenye daftari lako andika "31,406 + kilomita za mita mpya", na ile miezi miwili iliyopotea kadiria. Siku ukiiuza, mnunuzi mwonyeshe daftari na kichwa kilichovunjika.

Vumbi Jekundu

Nimeandika 31,406 + 900 za makadirio. Oili nayo nabadilisha kesho asubuhi.